Kupanga Tathmini ya Ujifunzaji katika Programu za Uzamili na Uzamivu: Mwongozo Kamili kwa Idara

Mipango mingi ya tathmini ambayo nimeombwa kuisoma hapa Kisumu hurudishwa kwa sababu moja. Chini ya kichwa "Tathmini" huandikwa kwamba mwanafunzi atapata asilimia 40 kutokana na kazi za muhula, asilimia 60 kutokana na mtihani, kisha ataandika tasnifu na kuitetea. Maelezo hayo si ya uongo, ila yanajibu swali jingine. Yanaeleza jinsi mwanafunzi mmoja anavyopewa alama, wala hayasemi idara itajuaje kama wanafunzi wake kwa jumla wanajifunza yale ambayo programu iliwaahidi, na ni wapi hasa wanakwama.

Mwongozo huu unahusu swali hilo la pili. Mfano nitakaoufuata ni programu ya kubuni ya Uzamili wa Sayansi ya Mazingira mjini Kisumu, yenye wanafunzi watano au sita kila mwaka, wengi wao walimu na maafisa wa kaunti wanaosoma Ijumaa jioni na Jumamosi. Pale ambapo uzamivu unadai utaratibu tofauti, nitaeleza.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Mtaala ulioidhinishwa na Seneti. Chukua nakala yenye muhuri, si rasimu iliyobaki kwenye kompyuta ya mtu.
- Maelezo ya ngazi za sifa za elimu za taifa yanayosimamiwa na KNQA, mamlaka ya sifa za elimu nchini Kenya, ambamo uzamili uko ngazi ya 9 na uzamivu ngazi ya 10.
- Viwango na miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE.
- Tasnifu tano hadi kumi za miaka ya karibuni, katika toleo lililopelekwa kwa watahini kabla ya masahihisho, pamoja na ripoti za watahini wa ndani na wa nje.
- Barua za kamati ya maadili ya utafiti zilizowarudishia wanafunzi mapendekezo yao.
- Orodha ya wanafunzi kwa mwaka wa kujiunga, ikiwamo wale walioacha masomo bila kuaga.
- Wahadhiri watatu hadi watano walio tayari kutoa siku mbili nzima, na mmoja wao akubali kushika kalamu.

Usianze bila tasnifu mkononi. Idara inayokaa kupanga tathmini bila kazi halisi za wanafunzi mezani huishia kuandika matumaini yake.

## Hatua ya 1: Andika matokeo ya kujifunza yanayoweza kuonekana

Matokeo ya kujifunza ni kauli inayosema mhitimu ataweza kufanya nini. Vitenzi kama "kuelewa", "kufahamu" na "kuthamini" vinapendeza kwenye mtaala, lakini hakuna anayeweza kushuhudia uelewa ukipita. Badala ya kuandika "Mwanafunzi ataelewa mbinu za utafiti", andika "Mwanafunzi atachagua mbinu inayolingana na swali lake la utafiti, na kutetea uchaguzi huo dhidi ya mbinu nyingine ambazo zingewezekana". Kauli ya pili inakuambia uangalie nini na ukiangalie wapi.

Orodha ya ngazi za fikra iliyotolewa na Benjamin Bloom na wenzake mwaka 1956 inasaidia kuchagua vitenzi. Katika toleo lililorekebishwa mwaka 2001, kuunda ndiko kulikowekwa juu kabisa, kukifuatiwa na kutathmini na kuchanganua. Kwa uzamili, matokeo mengi yawe katika ngazi hizo tatu. Kwa uzamivu, angalau moja lidai maarifa mapya yanayoweza kusimama mbele ya wataalamu wasiomjua mwanafunzi.

Programu yetu ya mfano ina matokeo matano: kuunda swali la utafiti kutokana na pengo lililomo katika maandishi ya kitaaluma; kuchagua mbinu na kuitetea; kukusanya data kwa kufuata maadili; kufasiri matokeo ya utafiti; na kuyawasilisha kwa wataalamu na kwa wananchi wanaohusika. Hilo la mwisho liliwekwa kwa makusudi, kwa kuwa mtu anayetafiti maji ya Ziwa Victoria anapaswa kuweza kuwaeleza wavuvi wa Dunga, ufuo ulioko Kisumu, alichokipata.

Tahadhari. Matokeo yasizidi sita. Idara iliyoandika kumi na manne haitayapima yote, na baada ya mwaka mmoja itaacha kuyapima kabisa. Aidha, iwapo unaweza kuyahamishia matokeo yako kwenye mtaala wa shahada ya kwanza bila mtu kushtuka, yaandike upya.

Ishara ya mafanikio. Mpe mhadhiri wa idara nyingine orodha yako na umuulize: "Ungetaka kuona nini ili uamini kwamba jambo hili limetimia?" Akijibu bila kusitasita, endelea.

## Hatua ya 2: Chora ramani ya mtaala

Chora jedwali. Kwenye safu za kulala weka matokeo matano. Kwenye safu wima weka kozi zote, kisha semina, pendekezo la utafiti, kazi ya nyanjani, tasnifu na utetezi. Katika kila kisanduku andika A iwapo mwanafunzi anaanzishiwa jambo hilo, Z iwapo anazoezwa na kupewa maoni, na T iwapo anatarajiwa kulionyesha kikamilifu.

Kazi hii huchukua asubuhi moja na mara nyingi hutoa funzo la kwanza kabla hata ya kukusanya ushahidi wowote. Tazama safu ya kulala yenye T lakini isiyo na Z popote. Hapo mwanafunzi anadaiwa jambo ambalo hakuna aliyemzoeza. Mara nyingi jambo hilo huwa ni uandishi wa kitaaluma: kila mhadhiri huamini kwamba mwenzake analishughulikia.

Tahadhari. Anayefundisha kozi ndiye ajaze kisanduku cha kozi hiyo, naye aonyeshe zoezi analotoa. Mkuu wa idara akijaza jedwali zima peke yake, litajaa Z ambazo hazipo.

## Hatua ya 3: Chagua ushahidi, na uchague mahali pa kuuchukua

Hapa ndipo mipango mingi huharibika, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Jibu la haraka la idara nyingi ni kwamba tasnifu iliyopita inatosha kuwa ushahidi: mwanafunzi ameitetea, imejaladiwa, iko maktabani. Lakini tasnifu iliyojaladiwa imepitia mikono mingi. Msimamizi wa kwanza ameandika upya aya za sura ya nne, ile ya matokeo ya utafiti, msimamizi wa pili amesahihisha majedwali, watahini wametoa kurasa tatu za masahihisho, na pengine mtu amelipwa kurekebisha lugha. Ukiisoma kazi hiyo utajua uwezo wa kundi zima, nao uwezo wa mwanafunzi utakuwa umefunikwa. Zaidi ya hayo, hiyo ni kazi ya wale waliofika mwisho tu.

Kwa sababu hiyo, chukua ushahidi katika vituo vitatu ambako mwanafunzi angali anasikika kwa sauti yake mwenyewe.

Kituo cha kwanza ni pendekezo la utafiti linapowasilishwa mara ya kwanza mbele ya idara. Tunza nakala ya siku hiyo hiyo. Hapo utaona wazi uwezo wa kuunda swali na kuchagua mbinu, na bado kuna muda wa kumsaidia aliyekwama.

Kituo cha pili ni toleo la tasnifu lililopelekwa kwa watahini, likiambatana na ripoti zao. Ripoti za watahini wa nje ni hazina inayolala kwenye makabati. Zisome tano kwa pamoja na utaona malalamiko yaleyale yakijirudia kutoka kwa watu wasiojuana.

Kituo cha tatu ni utetezi wenyewe. Mpe mjumbe mmoja wa jopo, asiye msimamizi, karatasi ya vigezo, naye aijaze wakati mwanafunzi anajibu maswali. Asisubiri kesho yake, kwa kuwa baada ya kutangazwa kwamba mwanafunzi amefaulu, kumbukumbu za wote hulainika.

Kuna ushahidi mwingine ambao karibu hakuna anayeukusanya: barua za kamati ya maadili. Pendekezo linaporudishwa kwa sababu fomu ya idhini imeandikwa kwa lugha ambayo mshiriki wa Nyakach hataielewa, au kwa sababu mwanafunzi hakueleza data itahifadhiwa wapi, barua hiyo inapima moja kwa moja tokeo la tatu katika orodha yetu. Barua huenda kwa mwanafunzi, mwanafunzi hurekebisha, nayo idara haijui. Muombe kila mwanafunzi akupe nakala. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, kwa upande wake, ni takwa la kisheria na kinathibitisha kwamba taratibu zimefuatwa. Usikiweke katika mpango kama ushahidi wa kujifunza.

Kwa uzamivu, ongeza mtihani wa kina pale ulipo, ripoti za maendeleo za kila muhula, na makala yanayopelekwa kwenye majarida. Kwa makala, tunza maoni ya wahakiki hata pale yalipokataliwa, maana maoni hayo yameandikwa na watu wasio na sababu ya kuwapendelea wanafunzi wako.

Ushahidi usio wa moja kwa moja, yaani mahojiano na wanaomaliza, wahitimu na waajiri, nao una nafasi yake. Unasaidia kueleza kwa nini jambo limetokea, ila hauwezi kuthibitisha kwamba mtu amejifunza. Watafute pia walioacha. Simu ya dakika kumi kwa mwanafunzi aliyekwama kwenye pendekezo miaka miwili iliyopita itakufundisha zaidi ya hojaji ndefu iliyojazwa siku ya mahafali.

Tahadhari. Alama ya jumla ya kozi haifai kuwa ushahidi. Ndani ya alama 64 kuna mtihani, insha, wasilisho na pengine mahudhurio, wala huwezi kujua ni kipi kilichomwangusha mwanafunzi. Ukitaka kutumia kozi, chukua zoezi moja tu linalolingana na tokeo moja.

Ishara ya mafanikio. Kila tokeo lina angalau vyanzo viwili vya ushahidi, kimoja kikiwa kazi ya mwanafunzi mwenyewe, na hakuna chanzo kinachomdai mhadhiri abuni mtihani mpya.

## Hatua ya 4: Andika jedwali la vigezo

Kwa kila tokeo, andika ngazi nne zinazoeleza kile kinachoonekana kwenye ukurasa. Epuka "bora sana", "nzuri" na "ya wastani", kwa sababu maneno hayo yanaeleza hisia za msomaji. Huu hapa mfano wa tokeo la nne, kufasiri matokeo ya utafiti:

- Ngazi ya 1: Anarudia kwa maneno tarakimu zilizomo katika jedwali.
- Ngazi ya 2: Anaeleza mwelekeo wa tarakimu, lakini hauhusishi na swali la utafiti.
- Ngazi ya 3: Anaeleza maana ya matokeo kwa swali lake na kuyalinganisha na tafiti nyingine.
- Ngazi ya 4: Anafanya hayo yote, anapima maelezo mengine yanayowezekana, na anataja mipaka ya anachoweza kudai.

Amueni mapema ngazi inayotarajiwa. Kwa uzamili, ngazi ya 3 ni lengo la haki. Kwa uzamivu, ngazi ya 4. Andikeni pia idadi mtakayoridhika nayo, kwa mfano wanafunzi wanane kati ya kumi, kabla ya kusoma kazi yoyote. Lengo linalowekwa baada ya matokeo kujulikana huwa limefikiwa siku zote.

## Hatua ya 5: Someni pamoja kabla ya kila mtu kusoma peke yake

Msiiruke hatua hii hata kama muda umebana. Nitaeleza nilichokiona ili sababu ieleweke.

Katika idara moja niliyoisaidia, wahadhiri wanne walikaa Jumamosi asubuhi na nakala nne za sura ileile ya tasnifu, jina la mwandishi likiwa limeondolewa. Utafiti ulihusu magugu maji na uvuvi katika Ghuba ya Winam. Mwanafunzi alikuwa ameeleza kwamba wavuvi wengi hawakuingia ziwani katika miezi ambayo magugu yalitanda, akarudia tarakimu hizo ufuo kwa ufuo kwa kurasa mbili, kisha akamalizia kwa sentensi moja iliyotaja tafiti tatu "zinazokubaliana na matokeo haya".

Kila mmoja alisoma kimya na kuandika alama kwenye kijikaratasi. Walipovifunua, vilikuwa 2, 4, 3 na 2. Aliyetoa 4 alieleza kwamba amehesabu tafiti tatu, na ulinganisho ndio uliotakiwa. Aliyetoa 2 alishika sentensi ileile na kuuliza: "Zinakubaliana vipi? Zilifanyika ziwa gani? Mwandishi hasemi." Walijadiliana kwa dakika arubaini. Mwishowe hawakubishana tena juu ya mwanafunzi. Walirekebisha ngazi ya 3, ikawa: "anayalinganisha na tafiti nyingine kwa kueleza zinapokubaliana, zinapotofautiana, na sababu". Waliposoma sura ya pili, alama zilikuwa 2, 3, 2 na 2.

Dakika hizo arubaini zilikuwa mara ya kwanza kwa wahadhiri hao kukubaliana kwa maneno juu ya maana ya kufasiri. Kwa miaka mingi kila mmoja alikuwa amewafundisha wanafunzi walewale maana yake.

Baada ya zoezi hilo, gawaneni kazi zilizobaki. Kila kazi isomwe na watu wawili, na alama zikipishana kwa zaidi ya ngazi moja, mtu wa tatu asome.

Tahadhari. Msimamizi asisome kazi ya mwanafunzi wake. Vilevile, mdogo kwa cheo atangulie kutoa maelezo na profesa awe wa mwisho, la sivyo vijikaratasi vyote vitaanza kufanana na cha mzee.

## Hatua ya 6: Heshimu idadi ndogo

Programu yenye wanafunzi sita haifai kuripotiwa kwa asilimia. Mwanafunzi mmoja tu ni karibu asilimia 17, na kuongezeka kwa mmoja kutaonekana kama mapinduzi. Kusanya makundi ya miaka miwili au mitatu, soma kazi zote badala ya sampuli, na uripoti kwa hesabu kamili: "saba kati ya kumi na tano walifikia ngazi ya 3".

Idadi ndogo huleta pia suala la siri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahusu kumbukumbu hizi, na kufuta jina hakutoshi. Pale ambapo mtu mmoja tu alitafiti magugu maji, mada yenyewe ni jina lake. Katika ripoti itakayotoka nje ya idara, usitaje mada, mwaka wala msimamizi.

## Hatua ya 7: Weka kalenda na majina

Pima matokeo mawili kila mwaka, ili yote matano yamalizike ndani ya miaka mitatu. Kwa kila moja andika kazi itakayosomwa, anayeikusanya, tarehe ya kusoma na tarehe ya kikao cha maamuzi. Andika jina la mtu. Neno "idara" halina simu ya kupigiwa.

Mahojiano na wanafunzi yawekwe siku ambazo wako chuoni. Mwalimu anayetoka Luanda au Mbale, katika kaunti jirani ya Vihiga, kwa matatu kila Jumamosi hatapata ruhusa ya kuja Jumatano saa nne, na ukiita kikao siku hiyo utawasikia wanaokaa mjini tu.

Ishara ya mafanikio. Mpango wote unaenea kwenye kurasa mbili au tatu, na kila mwenye jina lake humo anajua kwamba limo.

## Hatua ya 8: Fanyeni uamuzi, kisha mrudi kuutazama

Kikao cha maamuzi kiwe na ajenda hiyo peke yake. Kikiunganishwa na ratiba ya mitihani au mgao wa ofisi, kitapewa dakika tano za mwisho.

Kwa kila tokeo lililo chini ya lengo, rudini kwenye ramani ya Hatua ya 2 na muulize wanafunzi walizoezwa wapi. Tuseme katika programu yetu ya mfano saba kati ya kumi na tano ndio waliofikia ngazi ya 3 katika kufasiri matokeo, na ramani inaonyesha kwamba kozi ya takwimu inafundisha kukokotoa tu. Uamuzi usomeke hivi: "Kuanzia muhula wa pili, kozi ya takwimu itakuwa na mazoezi matatu ya kurasa mbili, ambamo mwanafunzi anapewa jedwali lililokwisha kukokotolewa na anaandika maana yake, mhadhiri wa kozi atayarudisha na maoni kabla ya wiki ya kumi." Sentensi kama "wasimamizi wahimizwe kuwasaidia wanafunzi zaidi" haimbani mtu yeyote, wala haiwezi kuchunguzwa baadaye.

Iwapo badiliko linagusa maudhui ya mtaala ulioidhinishwa, lipitishwe kwenye bodi ya kitivo na Seneti. Iwapo linagusa mazoezi na maoni tu, mara nyingi idara inaweza kuanza muhula unaofuata.

Tahadhari. Matokeo haya yasitumiwe kumpima mhadhiri kwa ajili ya kupandishwa cheo wala kumwadhibu. Siku yatakapotumiwa hivyo, kila kijikaratasi kitaandikwa 4, na idara haitaona ukweli tena.

Kundi lililopata mazoezi mapya litafikisha tasnifu kwa watahini baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili. Wakati huo, changanyeni sura zao za nne na zile za makundi ya awali, zikiwa hazina majina wala miaka, na mzisome kwa jedwali lilelile la vigezo bila kulibadilisha hata neno. Orodha inayoonyesha sura ipi ni ya kundi lipi ikae kwa katibu wa idara hadi alama ya mwisho iandikwe.